Pauline Nakhungu Kigen na Neno "Majivu"

Kwa ninyi mliosafiri tangu alfajiri kutoka Kibabii, na kwa majirani wa Endebess mlioacha ng'ombe zizini mkaja kutushika mkono: aliyelala mbele yenu ni Pauline Nakhungu Kigen. Wengi wenu mlimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Jotham Sifuna, kwa niaba ya familia, na familia inaomba radhi mapema, kwa sababu imeuandika ikiwa na hasira na haikuona sababu ya kuificha.

Pauline alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nehemiah Sifuna na marehemu Mama Felistus. Jina la Nakhungu alirithi kwa nyanya yake, kukhu kama tunavyosema kwetu, na ni huyo kukhu aliyempa kazi yake ya kwanza. Kukhu hakujua Kiswahili na mwenye duka hakujua Kibukusu, basi mtoto alikuwa akisimamishwa katikati ya kaunta, awasemee wote wawili. Siku moja kukhu alimwita mwenye duka mwizi wa mizani. Pauline, kwa heshima zake, akasema kwamba bibi anauliza kama mizani iko sawa. Kukhu alijua kutoka kwa uso wa mwenye duka kwamba tusi lake halikufika. Njiani kurudi alimwambia mjukuu wake, "Mimi sikukutuma utengeneze. Nilikutuma upeleke." Pauline alikuwa akisimulia kisa hicho huku akisugua sikio, kwa hiyo familia inaamini maneno hayo hayakuja peke yake.

Alisoma shule ya msingi hapo Kibabii, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1977, kisha akaendelea na masomo ya sekondari mjini Bungoma hadi 1981. Hesabu zilimshinda na hakuona aibu kulisema. Lugha ndizo zilizomnyookea. Baada ya chuo cha ualimu aliajiriwa mwaka wa 1986 katika shule ya msingi viungani mwa Kitale, akafundisha Kiswahili na Kiingereza katika eneo hilo mpaka alipostaafu mwezi Machi 2024. Waliopitia mikononi mwake wanajua kwamba insha yenye maneno makubwa yasiyo na kazi ilirudishwa na mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini.

Mwaka wa 1988 aliolewa na Bwana Samson Kigen wa hapa Endebess. Wazee wa pande zote mbili walinuna, maana Mbukusu na Msabaot kuoana wakati ule halikuwa jambo la kupokelewa kwa vigelegele. Mama mkwe wake alikataa kabisa kuzungumza naye Kiswahili, na kwa ukaidi huo akamfundisha Kisabaot bila kujua. Miaka ilipokuja ambapo jirani alimwogopa jirani, kuna waliomwambia Pauline afunge virago arudi kwao Bungoma. Hakurudi. Alizaa watoto watatu kwenye boma hili, akapanda miti ile mnayoiona nyuma ya hema, na leo tunamzika chini ya kivuli cha miti hiyo.

Lakini kazi iliyomtambulisha kutoka Kitale hadi Bungoma ilikuwa ukalimani. Mhubiri mgeni akija, Mwalimu Pauline alisimama kando yake jukwaani. Baraza likiitwa na wazee hawaelewi Kiswahili cha ofisini, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na mtindo wake ambao wakalimani wenzake walimtania nao: hakutafsiri maneno tu, alitafsiri na mwili. Mhubiri akiinua mkono, naye aliinua. Akishusha sauti, naye alishusha. Katika mkutano mmoja wa injili mjini Bungoma mwaka wa 1997, mhubiri alijikwaa kwenye waya wa kipaza sauti akaanguka kifudifudi. Pauline, akidhani ni sehemu ya mahubiri, naye akajitupa chini. Inasemekana watu wa safu ya mbele nao wakaanguka, na mhubiri alipoinuka akakuta ibada imepamba moto kuliko alivyotarajia. Pauline mwenyewe akikumbushwa alikuwa akicheka mpaka machozi.

Sasa familia inafika kwenye sehemu ambayo baadhi ya jamaa walishauri irukwe, ati kwenye mazishi watu huongea mazuri. Haitarukwa.

Mnamo Novemba 2023, kampuni moja ya uhamasishaji iliyokodiwa kutoka Nairobi ilimtafuta Pauline. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia mbali na hapa, kando ya ziwa, na mabaki ya mtambo huo yaletwe kuhifadhiwa kwenye miamba ya mlima huu, juu ya Endebess. Walitaka sauti yake kwa sababu watu wanaiamini, na walilisema hilo bila kuficha. Akaingia studio hapo Kitale, akasoma tangazo kwa Kiswahili, Kisabaot na Kibukusu. Tangazo lilisema umeme utakuwa wa bei nafuu, vijana watapata kazi, na kitakachobaki "ni majivu kidogo tu, yatakayowekwa mahali salama." Pauline aliuliza ni majivu ya aina gani. Akajibiwa kwamba ni majivu tu, Mwalimu, hiyo ni lugha rahisi ya mwananchi. Akasoma kama alivyopewa, maana mkalimani hana neno lake.

Aliyeandika neno hilo hakujua anawaandikia watu gani, au alijua sana. Kwetu majivu si uchafu. Mama wa Kibabii huchuja majivu ya maganda ya maharagwe akapata musherekha, chumvi ya kienyeji ya kulainishia mboga, na watoto wanakula. Mama wa Endebess huchanganya majivu na mahindi ndani ya stoo ili wadudu wasiyatoboe. Majivu huenda kwenye migomba, huenda chooni, huenda kwenye bakuli la kusugulia sufuria. Ukimwambia mtu wa huku kwamba utamletea majivu, umemwambia utamletea kitu cha kumfaa. Ndiyo maana gari la matangazo lilipozunguka kutoka Kachibora hadi hapa likiwa na sauti ya Pauline juu yake, watu hawakuogopa. Kule Kachibora kuna kikundi cha akina mama kilichoanza kutafuta magunia.

Baraza la Endebess lilifanyika Februari 2024, kwenye uwanja wa soko. Afisa wa kampuni aliongea kwa Kiswahili, na Pauline akawa anatafsiri kwa Kisabaot kwa ajili ya wazee. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mama Jerop, jirani ambaye shamba lake linapakana na hili, alipoinuka kuuliza swali.

"Hiyo majivu mtatuletea nyumbani ama tutakuja kuchukua? Mimi niko na stoo mbili ya mahindi, na wadudu imenimaliza."

Afisa alicheka. Akamwinamia Pauline, lakini kipaza sauti kikamnasa, na waliokuwa mbele walimsikia: "Mwambie asijali. Yeye ndiye atakuwa wa kwanza kupata."

Pauline hakutafsiri. Waliokuwepo wanakumbuka kimya kile, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kumwona amesimama jukwaani mdomo umefungwa. Mama Jerop alikuwa bado amesimama, akimtazama yeye, si afisa. Pauline akageuka, akamuuliza afisa mbele ya kipaza sauti, kwa upole kabisa, mtu akiishika hiyo kitu kwa mkono inamfanya nini. Afisa akasema swali hilo ni la kitaalamu. Basi Pauline akampelekea swali lilelile mtaalamu, mhandisi kijana anayeitwa Kibe, aliyekuwa ameletwa kukaa kwenye kiti na kuitikia kwa kichwa.

Kibe aliinuka. Familia haijui kilichompa moyo, lakini alisema kweli. "Hiyo si majivu, mama. Ni vyuma yenye ilikuwa ndani ya mtambo. Mtu akiikaribia bila kinga, atakufa. Inakaa ndani ya maji miaka mingi, halafu inafungiwa kwa makasha ya chuma na simiti, na lazima ilindwe. Hakuna mtu ako hapa, wala mjukuu wa mjukuu wake, ataona mwisho wa hiyo kazi ya kulinda."

Alipokuwa akisema hayo, alirudisha mikono nyuma kama mtu aliyeona kaa la moto. Pauline naye akarudisha mikono nyuma, akayasema yote kwa Kisabaot, kisha kwa Kibukusu kwa wafanyabiashara waliokuwa pembeni. Afisa akaamuru jenereta izimwe. Ikazimwa. Hapo alikosea hesabu, kwa kuwa huyu mama alikuwa amefundisha madarasa ya watoto themanini bila kipaza sauti kwa karibu miaka arobaini. Aliendelea.

Na maswali yakaja. Mzee Kigen, mumewe, aliuliza nani atamlipa huyo mlinzi miaka yote hiyo. Kibe akasema serikali. Mzee akauliza serikali ni nani. Kibe akasema ni wewe, mzee, na hao watoto. Mwingine akauliza mtambo ukizeeka itakuwaje. Akaambiwa lazima ubomolewe polepole, kwa miaka na mabilioni, na kwamba bei ya uniti ya umeme waliyotangaziwa haikuhesabu hayo yote. Mwingine akauliza ajali ikitokea. Akaambiwa bima ina kikomo chake, na kinachozidi kikomo kinabebwa na wananchi. Mwingine akauliza ujenzi utaisha lini, na Kibe akakiri kwamba nchi tajiri zenyewe zimejenga mitambo hii zikachelewa miaka na gharama ikapanda mara mbili na zaidi, na riba ya mkopo huwa haingoji stima iwake. Kila jibu Pauline alilipeleka lilivyokuwa, bila kulipunguza wala kulitia chumvi.

Familia haikuja hapa kumwambia mtu kwamba umeme ni mbaya. Stima ya Endebess hukatika mvua ikianza tu, na marehemu alisahihisha vitabu kwa mshumaa hadi macho yakamharibikia. Huenda yuko mtu mwenye akili zake anayeweza kuitetea nyuklia kwa hoja. Basi na aje, aitetee na hesabu yake yote mezani. Kinachotukera ni kwamba hesabu ilifichwa ndani ya neno moja la jikoni, na neno hilo likatiwa kinywani mwa mama yetu.

Na msifikiri gharama inangoja mtambo ujengwe. Haujachimbwa hata msingi, na sisi tumeshaanza kulipa. Mashamba ya mtaa huu yalipigwa rangi nyekundu kwenye mawe ya mipaka na wapimaji wa mradi, na tangu hapo hakuna benki inayotaka kusikia hati ya shamba la Endebess. Watu wameacha kupanda miti na parachichi, kwa sababu nani atapanda kitu cha miaka mitano mahali ambapo hajui kama atalala mwaka ujao? Mama Jerop aliuza shamba lake kwa bei ya kutupa kwa mtu wa suti asiyemjua, na sasa amehifadhiwa kwa binti yake Kachibora. Mtajionea wenyewe, zile stoo mbili zimebomolewa. Tonny, mwana wa marehemu, aliuza ng'ombe wake wa maziwa akalipia kozi ya kuchomelea vyuma, kwa ahadi ya kazi kwenye mradi. Kazi haikuja. Siku ya baraza lile alimlaumu mama yake kwamba amemharibia, na kwa miezi mingi mama na mwana walikula kwenye nyumba moja bila kusemezana. Kanisani watu walianza kuketi pande mbili, wa mradi kushoto, wasiotaka mradi kulia. Hayo yote hayamo kwenye bei ya uniti. Nani ataturudishia?

Kibe hakuonekana tena kwenye mabaraza. Kampuni ilimfuta Pauline kazi kwa simu, na hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni lile gari. Liliendelea kuzunguka, na juu yake sauti yake, katika lugha zake zote tatu, ikisema ni majivu kidogo tu. Alikwenda ofisini kwao Kitale akaomba tangazo liondolewe, au basi arudi studio bila malipo alisome upya kwa neno la kweli. Akaambiwa kwamba alishaweka sahihi, na sauti ile si yake tena. Alirudi mara ya pili akiwa na mumewe, mara ya tatu akiwa na mchungaji. Mara ya nne askari wa lango alimwambia amechoka kumwona.

Mwishoni mwa mwaka wa 2024 sauti ilianza kumkwama. Alidhani ni mafua. Januari 2025 madaktari mjini Eldoret waligundua ni saratani ya koo. Familia inataka lieleweke hili, kwa sababu uvumi umeanza: ugonjwa wake haukuletwa na mtambo wowote, hakuna mtambo. Alitibiwa kwa mionzi, na mionzi hiyo ilimpa miezi ambayo asingeipata, na wauguzi waliomhudumia tunawashukuru sana. Wakati huo alitembelewa wodini na mama mmoja wa kampuni, aliyeleta matunda. Yule mama akamwambia, "Si unaona, Mwalimu, hiyo nyuklia unapinga ndiyo inakutibu." Pauline hakuweza tena kuongea. Alichukua simu ya binti yake Linah, akaandika, na Linah akasoma kwa sauti:

"Hii nilielezwa kabla. Niliambiwa itanichoma wapi, mara ngapi, na ubaya wake, ndipo nikaweka sahihi. Mama Jerop aliambiwa majivu."

Matunda yalirudi na aliyeyaleta.

Mwezi Mei alifanyiwa upasuaji, na koo lake likatolewa sehemu ya sauti. Alirudi nyumbani hapa Endebess kimya. Tonny alikwenda kumchukua hospitalini, na tangu siku hiyo hakutoka kando yake. Walipatana bila neno hata moja, maana mmoja hakuwa nalo na mwingine hakulihitaji.

Siku moja ya Juni, mchana, gari la matangazo lilipita kwenye barabara hiyo hapo nje. Pauline alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Akajisikia mwenyewe akiongea. Aliinuka na sufuria mkononi, akatoka hadi katikati ya barabara, akasimama mbele ya gari, akaanza kulipiga boneti kwa kiganja. Dereva alikuwa kijana asiyemjua. Akatoa kichwa dirishani akasema, "Mama, toka kwa barabara bana, nitakugonga bure." Pauline alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Na juu ya kichwa chake, kwa sauti ile tamu iliyosomesha watoto wetu, yenye afya, isiyokohoa, akawa anaiambia Endebess nzima kwamba kitakachobaki ni majivu kidogo tu, yatakayowekwa mahali salama. Tonny alimkuta amelia mpaka kitambaa cha shingoni kimelowa. Gari lilimzunguka likaendelea na safari yake.

Mumewe anasema alianza kufa siku hiyo. Daktari ana sababu zake nyingine, na tunaziheshimu. Aliaga dunia Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, nyumbani, asubuhi, Linah akiwa amemshika mkono.

Pauline ameacha mume, Mzee Samson Kigen, watoto Linah, Tonny na Vivian, mkwe mmoja, na wajukuu wanne, wa mwisho akiwa Chemutai, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ya nyanya yake isipokuwa kutoka juu ya lile gari. Ameacha pia mdogo wake Jotham na ukoo mzima wa Mzee Sifuna huko Kibabii, walimu wenzake wa Kitale, na kanisa ambalo leo, kwa heshima yake, limeketi bila kujitenga.

Kampuni iliyomwajiri imetuma shada la maua na mwakilishi, na imeomba dakika tano za kutoa rambirambi. Shada limepokelewa. Dakika hazipo. Mwakilishi akae, ale na watu, hatufukuzi mgeni msibani. Ila asiondoke bila kupokea aliloombwa Jotham na dada yake, kwa maandishi kwenye simu, wiki ya mwisho: kwamba mahali ambapo Wabukusu na Wasabaot wamekusanyika pamoja, isomwe tafsiri yake sahihi ya tangazo lile. Ni hii. Kitakachobaki si majivu. Ni kitu kinachoua, hakiguswi, hakipandwi, hakiliwi, na kitalindwa na watu ambao hawajazaliwa, kwa gharama ambayo hamkuambiwa. Jotham atairudia sasa kwa Kibukusu, na Mzee Kigen kwa Kisabaot.

Waliozoea ratiba za mazishi wataona kwamba chini ya ukurasa huu hayapo yale maneno ambayo huandikwa mwisho. Fundi wa kuchapisha alidhani tumesahau, akapiga simu kuuliza. Hatukusahau. Juzi Alhamisi, tukichimba kaburi hili, lile gari lilipita hapo barabarani, na wachimbaji wakaweka majembe chini wakamsikiliza marehemu akiongea. Siku sauti yake itakapotolewa kwenye gari hilo tutarudi hapa, sote, tumwambie apumzike kwa amani. Leo tukimwambia hivyo, tutakuwa tunamdanganya.